Kundi la kabini kwenye meli ya kitalii: unalipia nini hasa?

Aliyewahi kupanda MV Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma anaijua lugha ya madaraja: la kwanza unapata kabini, la tatu unapata kiti. Mtu mwenye mazoea hayo akifungua orodha ya bei za meli ya kitalii hukuta mistari ishirini au zaidi kwa safari moja, kila mstari na herufi zake, akadhani kila mmoja ni daraja jipya. Sivyo. Abiria wa kabini rahisi na wa kabini ghali hula katika ukumbi mmoja, huogelea katika bwawa moja na hutazama maonyesho yaleyale. Kundi la kabini linahusu chumba tu: ni cha namna gani, kiko sehemu gani ya meli, na kama namba yake umeichagua mwenyewe au utapangiwa. Wanaotengwa kweli ni baadhi ya abiria wa suti, yaani kabini kubwa za bei ya juu. Kampuni ya Norwegian ina eneo liitwalo The Haven na MSC ina Yacht Club, ambako mgahawa na sehemu ya kupumzikia ni vya wenye suti hizo peke yao.

Aina zenyewe ni nne. Kabini ya ndani haina dirisha. Ukubwa wake kwa kawaida ni kati ya mita za mraba 12 na 17, na taa ikizimwa giza lake ni totoro, saa sita mchana sawa na saa sita usiku. Chukua taa ndogo ya usiku, au acha televisheni bila sauti kwenye chaneli ya kamera ya omo, yaani mbele ya meli, ikiwa meli inayo: kukipambazuka utajua. Mwaka 2011 Disney Dream iliwekewa kwenye kabini za ndani skrini ya duara mfano wa dirisha, inayoonyesha picha ya moja kwa moja kutoka kamera za nje. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, na Meyer Werft, kiwanda kilekile kilichounda Liemba mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen.

Kabini ya dirisha ina kioo kisichofunguka. Yenye roshani ina mlango wa kutokea nje, na eneo la viti viwili na meza ndogo. Hapa soma vipimo kwa makini, kwa sababu baadhi ya matangazo hujumlisha roshani kwenye ukubwa wa chumba: kabini ya mita za mraba 20 inaweza kuwa chumba cha 16 na roshani ya 4. Tena neno roshani lenyewe halimaanishi bahari kila mara. Kwenye Oasis of the Seas ya mwaka 2009 kuna roshani zinazotazama bustani iliyo katikati ya meli, na mbele yako ni roshani za majirani. Kwenye Celebrity Edge ya mwaka 2018 kuna kabini ambazo roshani imeingizwa ndani ya chumba, na nusu ya juu ya kioo kikubwa hushuka kwa kubonyeza kitufe. Suti, aina ya nne, huwa na sebule au angalau eneo la kukaa lililotengwa, na bafu kubwa zaidi.

Sasa zile herufi. Kabini za roshani za meli moja zinaweza kugawanywa katika makundi sita au manane yenye bei tofauti, ilhali chumba ni kilekile, zulia lilelile na kitanda kilekile. Kinachobadilika ni mahali. Sitaha ya juu huuzwa ghali kuliko ya chini, na katikati ya meli ghali kuliko omo au tezi, yaani nyuma ya meli. Hapa ndipo wengi hulipa zaidi wakapata pungufu, kwa sababu sitaha ya juu ndiyo inayoyumba zaidi. Meli ikienda mrama, egemeo liko chini karibu na usawa wa maji, kwa hiyo kadiri ulivyo juu ndivyo unavyosafirishwa mbali zaidi kushoto na kulia. Meli za kisasa zina mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni chini ya maji kupunguza mrama huo, lakini hayasaidii sana omo inapopanda wimbi na tezi kushuka. Anayeshikwa na kigegezi (kichefuchefu) upesi atafute kabini ya chini, katikati. Mara nyingi ni ya bei nafuu kuliko ile ya sitaha ya juu.

Kelele nazo zina ramani yake. Sitaha ya bwawa ikiwa juu yako, utaamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa wahudumu wakipanga na kuosha. Ukumbi wa muziki ukiwa chini yako, mdundo wa besi utapanda hadi usiku mwingi. Kabini za chini kabisa kwenye omo husikia mnyororo wa nanga na mashine za kusogeza meli kando inapoingia bandarini, ambayo mara nyingi ni asubuhi mapema. Kwenye tezi kuna mtetemo wa rafadha, yaani panga boi linalosukuma meli. Mlango wa kuunganisha kabini mbili ni neema kwa familia iliyochukua zote mbili. Kwa asiyemjua jirani yake, ni mahali ukuta unapopitisha sauti. Fungua ramani ya sitaha ya meli husika, linganisha sitaha yako na ya juu yake na ya chini yake, kisha chagua namba iliyozungukwa na kabini nyingine pande zote. Kabini zinazotazama mbele kabisa zina sharti lake: usiku huenda ukaagizwa kufunga mapazia, kwa sababu mwanga wake huwasumbua mabaharia wanaoongoza meli gizani.

Ukikuta bei ya dirisha au roshani iko chini kuliko za jirani, tafuta maneno yanayosema mandhari yamezibwa. Mara nyingi kinachoziba ni mashua ya kuokolea watu inayoning'inia nje ya kioo. Ipo inayoziba nusu ya chini tu, ukisimama unaona bahari. Ipo inayoziba yote. Muulize wakala ni ipi, kwa namba ya kabini.

Upande wa meli si hoja kubwa kwa safari ya mzunguko. Kwa safari ya kwenda tu kandokando ya pwani, ni hoja: kutoka Mombasa kuelekea Zanzibar, nchi kavu iko kuume.

Kuna pia kundi ambalo namba haitajwi. Unanunua aina, tuseme roshani, na kampuni hukupangia chumba baadaye, pengine siku chache kabla ya kuondoka. Bei hushuka kwa sababu kampuni inapata uhuru wa kujaza mapengo yake. Hutapewa aina ya chini ya uliyolipia, na mara chache hupandishwa. Lakini ukipangiwa juu ya ukumbi wa muziki huna dai, na familia iliyokata kabini mbili namna hii inaweza kutupwa sitaha tofauti. Kwa wasafiri wawili wasio na masharti ni ununuzi mzuri. Kwa wenye watoto au mzee, lipeni ziada mchague namba.

Bei iliyoandikwa ni ya mtu mmoja katika kabini ya watu wawili. Ikisoma dola 600, kabini ni dola 1,200 kabla ya kodi na bakshishi, na msafiri wa peke yake anaweza kutozwa karibu yote. Norwegian Epic ilipoanza kazi mwaka 2010 ilileta vyumba vidogo vya mtu mmoja, na meli nyingine zinavyo sasa, huisha mapema. Mtu wa tatu na wa nne hulipa pungufu, wakilala kwenye kochi linalokunjuliwa au vitanda vinavyoshushwa kutoka darini. Wakati mwingine mfumo humkataa mtu wa nne ingawa kitanda kipo. Kila kabini imepangiwa kituo chake cha dharura na mashua yake ya kuokolea, na mashua ikishajaa majina, kitanda cha nne hakiuzwi; jaribu kabini kama hiyo upande mwingine wa meli.