Kilomita moja ya maji ni sawa na ngapi za lami?

Juma la pili la shindano letu la mwezi la mazoezi, ambalo kila kilomita ilikuwa alama moja, dada mmoja muuguzi alinipigia simu saa tatu usiku. Alikuwa ametoka bwawani. Ameogelea mita 400 kwa dakika 25, na kwa jinsi mikono ilivyomlegea, kikombe cha chai alikuwa anakishika kwa viganja viwili. Akafungua kikundi chetu cha WhatsApp akakuta ameandikiwa alama 0.4. Juu yake yuko kijana wa baiskeli, alama 52, ametoka Dar kwenda njia ya Bagamoyo asubuhi na mapema, ametuma na picha ya dafu.

"Kaka, wewe ndiye mtaalamu humu ndani. Hii hesabu ni ya haki?"

Haikuwa ya haki. Waanzilishi walikubaliana kwamba kilomita ni kilomita, iwe ya miguu, ya baiskeli au ya maji. Mimi nimesomea fiziolojia ya mazoezi na nafundisha watu kufanya mazoezi kila siku. Niliiona ile kanuni, nikanyamaza kwa kutotaka kuharibu furaha ya watu. Usiku ule niliahidi kuirekebisha, na haya ninayoandika ndiyo niliyowaeleza wenzangu.

Nianze na mbio, maana ndizo rahisi kuhesabu. Mwaka 1963 Rodolfo Margaria na wenzake kule Italia walionyesha kwamba mtu anapokimbia kwenye ardhi tambarare, gharama ya nguvu ni karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Ukiwa na kilo 70, kilomita 10 zitakula kama kilokalori 700. La kushangaza ni kwamba kasi haibadilishi sana jumla hiyo. Anayemaliza kwa dakika 50 na anayemaliza kwa dakika 75 wanatumia karibu kiasi kilekile. Tofauti ni kwamba mmoja amekilipa kwa haraka, na huko kulipa kwa haraka ndiko kunakomfanya aheme. Mwenye uzito mkubwa naye analipa zaidi kwa kila hatua, jambo ambalo jedwali la kilomita halimhesabii kamwe.

Baiskeli ni habari nyingine. Kiti kimebeba mwili, magurudumu yanateleza, na kwenye mteremko unaacha kunyonga na bado unasonga. Kwa mwendo wa kawaida kwenye lami tambarare, kilomita moja ya baiskeli ni kama theluthi au robo ya kilomita ya mbio. Lakini nasema "kwa mwendo wa kawaida" kwa makusudi. Nguvu unayohitaji kuisukuma hewa hupanda kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi: ukitoka kilomita 20 kwa saa ukaenda 30, hewa peke yake inakudai nguvu zaidi ya mara tatu. Halafu kuna upepo wenyewe. Msimu wa kusi, ukitoka Dar kuelekea Bagamoyo unasukumwa mgongoni, unajiona bingwa. Kazi utaiona wakati wa kurudi. Kuna pia suala la kujificha nyuma ya mwenzako. Anayekaa karibu na gurudumu la aliyetangulia hupunguziwa mzigo kwa kiasi ambacho kila mwendesha baiskeli anakijua miguuni. Kwa hiyo kilomita 52 za kijana wetu zinaweza kuwa matembezi, na zinaweza kuwa mateso. Simu inaonyesha 52 tu.

Sasa maji. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, kwa hiyo kila kosa la mwili linatozwa papo hapo. Makocha wengi hukadiria kwamba kilomita moja ya kuogelea ni sawa na nne za mbio, na kwa mtu anayejua kuogelea makadirio hayo si mabaya. Tatizo liko kwenye hayo maneno "anayejua kuogelea".

Jumamosi iliyofuata nilikwenda bwawani nikakaa ukingoni nimtazame yule dada. Kila alipotaka pumzi alinyanyua kichwa kizima mbele, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Kichwa kikipanda, nyonga zinashuka. Nyonga zikishuka, miguu inazama, na mwili ambao ungepita majini kama mshale unakaa mshazari kama ubao unaosukumwa kwa upana wake. Ili asizame akawa anapiga miguu kwa nguvu kuanzia magotini, maji yanaruka juu, yeye hasogei. Alipogusa ukuta baada ya mita 25 alikuwa anahema kama aliyepanda ghorofa nane kwa ngazi. Kwenye mstari wa pili mzee mmoja wa makamo alikuwa anakwenda na kurudi bila haraka, bega linazunguka, mdomo unatoka pembeni kidogo tu kuchukua hewa. Kilichowatofautisha ni ufundi. Moyo na mapafu ya muuguzi havikuwa na hitilafu yoyote. Mita zilezile 25 zilimgharimu mmoja mara kadhaa ya zilivyomgharimu mwingine. Ukimpa kila mtu "kilomita moja kwa nne", bado unamwibia anayejifunza.

Ubishi huu ni wa zamani kuliko kikundi chetu. Mwaka 1977 huko Hawaii, baada ya mbio za kupokezana, wakimbiaji na waogeleaji walikuwa wanabishana nani ana mwili imara zaidi. John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, akaingiza na waendesha baiskeli, akimtaja bingwa wao Eddy Merckx wa Ubelgiji. Mwisho wake aliunganisha mashindano matatu yaliyokuwepo kisiwani: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, na marathoni. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza, 12 wakamaliza, na Gordon Haller akawa wa kwanza kwa muda wa chini kidogo ya saa 12. Ndipo mashindano ya Ironman yalipozaliwa. Naipenda hadithi hii, ila angalia alichofanya Collins: swali hakulijibu, aliwafanyisha watu wote michezo yote mitatu. Sisi hatuwezi kumwambia mama wa miaka 58 mwenye magoti mabovu aingie barabarani kukimbia ili shindano liwe sawa.

Wengine walipendekeza mapigo ya moyo, kwa kuwa karibu kila mtu siku hizi ana saa inayoyasoma. Ni wazo zuri lenye mitego. Majini umelala, damu inarudi moyoni kwa urahisi, na maji yanakupoza, kwa hiyo moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ileile; kilele chake majini huwa chini ya kile cha mbio kwa mapigo kama 10. Kwenye baiskeli pia kilele huwa chini kidogo kwa watu wengi. Mapigo 140 ya mkimbiaji na 140 ya muogeleaji si kitu kimoja. Tena saa ya mkononi husoma kwa mwanga unaopenya ngozi, na maji yakipita katikati usomaji unavurugika. Ongeza joto la Dar mwezi wa pili: unakimbia kasi ileile, na kila dakika inayopita moyo unapanda kwa sababu mwili unapambana kujipoza.

Kipimo nilichowapa ni cha zamani na hakihitaji betri. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitunga kipimo cha kuhisi ugumu chenye namba 6 hadi 20, akizipanga hivyo kwa sababu ukizidisha kwa 10 unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya. Baadaye Carl Foster, mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi wa Marekani, akatumia kipimo cha 0 hadi 10, akazidisha namba hiyo kwa dakika za mazoezi. Basi. Dakika 50 za mbio za ugumu wa 6 ni 300. Dakika 25 za yule dada, kwa ugumu wa 8, ni 200. Hapo ametoka kwenye alama 0.4 akawa mshindani.

Watu waliniuliza: namba ya ugumu si mtu anaweza kudanganya? Anaweza. Lakini hata kilomita watu wanadanganya, wanampa mwenzao simu apande nayo bodaboda. Kwa kipimo cha kuhisi, nimewafundisha kujikagua kwa pumzi, na mfano bora tunao tangu shule ya msingi: mchakamchaka. Kiongozi anaimba, wengine wanaitikia. Ukiweza kuongoza wimbo mzima huku unakimbia, uko kwenye 2 au 3. Ukishindwa kuimba lakini unaweza kuzungumza sentensi nzima, 4 au 5. Ukibaki na maneno mawili matatu halafu pumzi, 7. Ukishindwa hata kumjibu anayekusalimia, 9. Muogeleaji anajipima anapogusa ukuta. Na namba haiandikwi papo hapo: subiri nusu saa, kama Foster alivyoshauri, maana mita 200 za mwisho zikiwa kali zitakufanya uisahau saa nzima iliyotangulia.

Kanuni hii nayo ina mwanya, na kijana wa baiskeli aliuona siku ya kwanza. Saa nne za kunyonga kwa ugumu wa 2 ni 480, kuliko mbio kali za saa moja. Nikaweka mipaka miwili: chochote chini ya 3 hakihesabiwi, na kwa siku moja dakika zinazohesabiwa hazizidi 90. Vituo vya dafu havimo. Mipaka hiyo nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya kikundi chetu, kwa hiyo ninyi mnaweza kuiweka mtakavyo. Ninachosisitiza ni kwamba iwekwe kabla ya mwezi kuanza.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya nisitake tena jedwali linalotukuza kilomita za mbio, na hii inaniuma. Katika kikundi kingine nilichowahi kukifundisha, kilomita ya mbio ililipwa mara nne ya baiskeli. Bwana mmoja mwenye miaka mingi juu ya baiskeli akaona alama ziko barabarani, akakimbia kilomita 12 siku yake ya kwanza. Moyo na mapafu vilimruhusu kabisa. Miguu haikuwa imewahi kupokea kishindo: kila hatua ya mbio inatua na nguvu mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na misuli inalazimika kuizuia huku ikivutwa. Kunyonga baiskeli hakufundishi jambo hilo. Siku ya tatu akachanika msuli wa shavu la mguu, akakaa wiki sita bila mchezo wowote. Hesabu yetu ndiyo iliyomwita kule.

Muuguzi wetu amejifunza kugeuza kichwa pembeni badala ya kukinyanyua. Wiki iliyopita aliogelea mita 400 kwa dakika 16, akaandika ugumu wa 5, akapata 80. Akanipigia tena, safari hii kwa wasiwasi: amekuwa bora, alama zimeshuka! Nikamwambia dakika tisa alizookoa bado ni zake, azirudishe majini. Jana ameogelea mita 700.

Na mwezi huu tumempata mwanachama mpya, mvuvi wa Msasani anayetoka na ngalawa alfajiri na kupiga kasia upepo unapokataa. Hakuna aliyekuwa na jedwali la kilomita za kasia. Ameandika mstari wake wa kwanza jana saa mbili asubuhi: dakika 70, ugumu 6.