Je, wajua jinsi ya kupima kazi ya meneja anayechagua wachezaji wa NBA?

Mashabiki wa Tanzania wana sababu ya kuikumbuka drafti ya mwaka 2009 ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu hupokezana zamu za kuchagua wachezaji chipukizi. Memphis Grizzlies, waliokuwa na zamu ya pili, walimchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Oklahoma City Thunder, waliofuata, wakamchukua James Harden, ambaye mwaka 2018 alitangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Je, tofauti hiyo inatosha kuthibitisha kwamba Sam Presti, meneja mkuu wa Thunder, ana jicho kali kuliko wenzake?

Haitoshi, kwa sababu Presti hakulazimika kuchagua kati ya wawili hao: mmoja alikuwa ameshachukuliwa. Vivyo hivyo mwaka 2007, timu yake ikiwa bado Seattle, Portland walimchukua Greg Oden, na Kevin Durant akamwangukia Presti, mwenye zamu ya pili. Hapo tunaisifu bahati zaidi ya meneja. Sifa halisi huanza pale chaguo linapokuwa na ubishi: Russell Westbrook, aliyechukuliwa wa nne mwaka 2008, au Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville, wa 24 mwaka huohuo. Kipimo cha haki ni kulinganisha mchezaji aliyepatikana na wale ambao zamu ya namba hiyo huleta kwa kawaida, pamoja na waliokuwa bado wanasubiri. Kwa kipimo hicho hata Harden anazua swali, kwa kuwa Stephen Curry alichukuliwa wa saba, ingawa kumlaumu mtu aliyempata Harden ni ukali uliopitiliza. Makosa ya Presti yaliyo wazi zaidi ni kina Mitch McGary, wa 21 mwaka 2014, na Aleksej Pokusevski, wa 17 mwaka 2020.

Kulimbikiza zamu, ambazo timu huweza kuuziana, ni jambo jingine. Julai 2019 Presti alimpeleka Paul George kwa Los Angeles Clippers, akapewa zamu tano za raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana zamu mara mbili, yaani kuchukua ya Clippers ikiwa bora kuliko yake. Wengi walihesabu zamu hizo, ilhali faida kubwa ilikuwa Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji aliyekuja katika biashara hiyohiyo akiwa amecheza msimu mmoja tu katika ligi. Zamu yenyewe haichezi. Tena timu huruhusiwa mikataba ya kawaida 15 tu, kwa hiyo rundo likizidi, sehemu yake lazima iuzwe. Thamani yake huonekana inapogeuka kuwa mtu, kama zamu ya Clippers ya mwaka 2022 iliyomleta Jalen Williams, wa 12. Mwaka 2025 Williams na Gilgeous-Alexander waliipa Oklahoma City ubingwa, kwa kuwafunga Indiana Pacers michezo minne kwa mitatu.

Ubingwa huo haufuti swali la Oktoba 2012, Presti alipomuuza Harden kwenda Houston. Zamu mojawapo aliyolipwa ilimleta Steven Adams, mchezaji imara aliyeitumikia timu misimu saba; lakini kwa kuwa Durant, Westbrook na Harden wote watatu walikuja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, mimi siwezi kuiandika biashara ile upande wa faida.