Walter bin Alan: kuwatafuta Stewart wa kwanza

Karibu kila mti wa ukoo wa Stewart unaoletwa mezani kwangu una Banquo kileleni. Chini yake yupo Fleance, kisha Walter, kisha mstari unateremka bila kukatika hadi kwa wafalme wa Uskoti. Mti wenyewe huwa umechorwa kwa upendo, na naona wazi kwamba mtu ametumia miezi juu yake. Kwa hiyo huanza na habari njema: kuanzia kwa Walter kuja chini, vizazi vile vina hati. Halafu huomba ruhusa ya kufuta majina mawili ya juu.

Banquo ametoka kwenye kalamu. Anajitokeza katika historia ya Waskoti aliyoiandika Hector Boece kwa Kilatini, ikachapwa Paris mwaka 1527. Humo yeye ni mkuu wa Lochaber, Uskoti, anayeuawa kwa amri ya Mfalme Macbeth. Mwanawe Fleance anakimbilia Wales, anazaa na binti wa mtawala wa huko, na mtoto huyo, Walter, anakuja Uskoti kumtumikia Mfalme Malcolm wa Tatu na kupewa usimamizi wa nyumba yake. Shakespeare aliichukua hadithi hiyo akaipeleka jukwaani wakati James, mfalme wa ukoo huohuo wa Stewart, alikuwa amekwisha kurithi kiti cha Uingereza mwaka 1603. Toka hapo imekuwa kazi kuing'oa vichwani mwa watu.

Kabla ya kugusa hati yoyote, piga hesabu. Malcolm wa Tatu alifariki mwaka 1093. Walter tunayemfahamu alianzisha nyumba ya watawa ya Paisley mwaka 1163, akafariki 1177. Kama alimtumikia Malcolm akiwa kijana wa miaka 20, hata tukisema ni katika mwaka wa mwisho wa mfalme, basi alizikwa akiwa na miaka 104. Mimi hufanya hesabu ya namna hii kwa kila kizazi, kwa penseli, pembezoni mwa karatasi. Mti mwingi wa uongo huanguka hapohapo.

Hati za Kilatini zinamwita Walterus filius Alani. Waingereza huandika fitz Alan, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: ni Walter bin Alan. Stewart halikuwa jina lao, lilikuwa cheo. Kwa Kilatini aliitwa dapifer, mpeleka chakula mezani kwa bwana. Kwa Kiingereza cha kale ni stigweard, mlinzi wa nyumba. Kazi ilikuwa kubwa kuliko sahani, maana aliyeshika cheo hicho ndiye aliyeisimamia nyumba yote ya mfalme. Cheo kikarithiwa baba kwa mwana, na baada ya vizazi kadhaa kikawa jina la ukoo. Tahajia ya Stuart ilikuja baadaye kwa njia ya Kifaransa, enzi za Malkia Mary aliyelelewa Ufaransa.

Hapa nawaonya wote wenye jina hilo. Mabwana wengine wa Uskoti nao walikuwa na wasimamizi wao wa nyumba, na wapangaji wa mashamba mara nyingi walichukua jina la bwana wao. Kuitwa Stewart hakukufanyi kuwa wa damu ya Walter. Anza na wazazi wako na upande ngazi mojamoja: vizazi, ndoa na vifo vilivyoandikishwa na serikali kuanzia mwaka 1855, kisha vitabu vya parokia, ambavyo kile cha zamani kuliko vyote, cha Errol, kinaanzia 1553. Ukikwama katika karne ya 17, umekwama. Usiruke mita mia kwenda kumshika mfalme.

Turudi kwa Walter. Alan, baba yake, ni nani?

Ugumu wa kwanza ni kwamba Uskoti imepoteza karatasi zake mara mbili kwa mkupuo. Edward wa Kwanza wa Uingereza alizichukua kumbukumbu za ufalme mwishoni mwa karne ya 13. Halafu katika miaka ya 1650 jeshi la Cromwell, mtawala wa Uingereza, likazipeleka London zilizokuwa zimebaki. Zilipokuwa zinarudishwa kwa bahari, Desemba 1660, meli iliyoitwa Elizabeth ilizama karibu na pwani ya Northumberland na shehena yake ya nyaraka. Nikiifikiria ile meli moyo unaniuma bado. Ndiyo maana kwa karne ya 12 tunategemea zaidi nakala zilizotunzwa na watawa, ambao walikuwa na sababu nzuri ya kutunza: kila hati ilikuwa uthibitisho wa shamba lao.

Ugumu wa pili ni kwamba hati hizo hazina mwaka. Mfalme anasema ametoa ardhi fulani kwa fulani, anataja mahali, anaorodhesha mashahidi, basi. Ni kuanzia 1195 tu ndipo hati za Mfalme William wa Uskoti zilipoanza kuandika siku na mwezi, na mwaka wa utawala ukaongezwa 1222 chini ya Alexander wa Pili. Kwa hati za kabla ya hapo, tarehe hutafutwa kwa mashahidi. Kama askofu aliyeshuhudia alichaguliwa mwaka fulani, hati haiwezi kuwa ya kabla yake; kama abati (mkuu wa watawa) aliyesimama karibu naye alifariki mwaka fulani, haiwezi kuwa ya baada. Tunaandika miaka hiyo miwili na alama ya kuzidisha katikati, kwa mfano 1161×1162, maana yake ni kwamba tukio liko mahali fulani ndani ya uzio huo. Watu wengi husoma sehemu ya juu ya hati, ile ya ardhi, na kuiacha orodha ya majina ya chini. Mimi huanzia chini. Pale ndipo unapoona nani alisimama na nani, nani ametajwa kuwa ndugu wa nani, na nani ametangulizwa kwa heshima. Siku hizi hifadhidata ya People of Medieval Scotland, iliyo wazi kwa kila mtu mtandaoni, imewakusanya mashahidi hao kwa maelfu. Zamani ilikuwa kazi ya kufungua kitabu kimoja baada ya kingine.

Kwa njia hiyo ukoo ulihama kutoka kwenye hadithi ukarudi kwenye ardhi. Watawa 13 wa kwanza wa Paisley waliletwa kutoka Wenlock, katika Shropshire, mpakani mwa Uingereza na Wales. Kwa nini Walter, mwenye mashamba Renfrew, aagize watawa kutoka mbali hivyo? Kwa sababu ndiko kwao. Mwaka 1807 mwanahistoria George Chalmers alionyesha kwamba Walter alikuwa ndugu wa William bin Alan, bwana wa Oswestry katika Shropshire hiyohiyo, na majina ya ndugu hao yanakutana katika hati za watawa wa Haughmond. Na sababu ya kuhama nayo inaeleweka. Mfalme Henry wa Kwanza alipofariki 1135, Stephen alishika kiti na ndugu hawa wakasimama na Matilda, binti wa Henry. William aliishikilia ngome ya Shrewsbury dhidi ya Stephen mwaka 1138 na akashindwa. Walter alikuwa ndugu mdogo, asiye na urithi mkubwa wa kungojea, na mfalme wa Uskoti, David wa Kwanza, alikuwa mjomba wa Matilda.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda kwa sababu unatoka mahali usipotarajia. Katika miaka ya 1330, wakati wa vita, Richard wa Arundel, mjukuu wa kizazi cha mbali cha William, alimuuzia Edward wa Tatu wa Uingereza "haki" yake ya usimamizi wa Uskoti kwa maki 1,000, maki ikiwa kipimo cha fedha cha wakati huo. Haki yenyewe haikuwepo: cheo kilikuwa cha Walter na wanawe, William hakukishika kamwe. Lakini biashara ile inaonyesha kwamba karibu miaka 200 baadaye, upande wa Uingereza ulikuwa bado unajua kuwa wale wa Uskoti ni ndugu zao wa damu.

Katika vizazi vya chini angalia majina yanavyozunguka, maana walipeana usomo kama sisi: Walter, mwanawe Alan (aliyefariki 1204), mjukuu Walter (1241). Nimeona miti iliyowaunganisha Walter hawa wawili kuwa mtu mmoja na kupoteza kizazi kizima. Kisha Alexander (1283), James (1309), na Walter mwingine (1327), aliyemwoa Marjorie, binti wa Robert Bruce, mfalme wa Uskoti. Mtoto wao akawa mfalme mwaka 1371.

Na juu ya Alan? Baba yake aliitwa Flaald. Wapo waliotaka kumfanya Flaald na Fleance kuwa mtu mmoja kwa sababu majina yanakaribiana kwa sauti; sikio lina hatari yake katika kazi hii. Mwaka 1901 mwanahistoria J. Horace Round alizifuata hati za Ufaransa na kumrudisha Flaald kwao: Dol, katika Brittany. Flaald alishuhudia kuwekwa wakfu kwa kanisa la watawa huko Monmouth, mwaka 1101 au 1102. Hakuna damu ya Lochaber hapa. Ni Wabretoni waliomfuata Henry wa Kwanza kuvuka bahari.

Kabla ya Flaald yupo Alan mwingine, baba yake au pengine ndugu yake. Huyo alikwenda vita vya msalaba vya kwanza mwaka 1097, na cheo chake kimeandikwa pembeni mwa jina: dapifer wa Dol, mpeleka chakula wa askofu mkuu wa huko. Kazi ileile, vizazi kadhaa kabla ya Uskoti kuwapa jina. Ndiye wa juu kabisa ninayemwandika. Pale alipokuwa Banquo naacha karatasi nyeupe.