Pengo la nishati peke yake si ushahidi wa topolojia
Wengi wakiona pengo, yaani masafa ya nishati yasiyo na hali za elektroni, kwenye picha ya ARPES, yaani upimaji wa elektroni zinazong'olewa na mwanga, hutangaza papo hapo kuwa WTe2 (tungsten ditelluride) ya tabaka moja ni kihami cha kitopolojia: kisichopitisha umeme ndani ila kwenye kingo zake. Haraka hiyo! Hata chumvi ya mezani ina pengo. La WTe2 ni takriban meV (milielektronivolti) 55, na ARPES huona hali zilizojaa elektroni tu. Bendi ya juu ya pengo, isiyo na elektroni, hufichika mpaka usambaze atomi za potasiamu juu ya sampuli, nazo huweza kubadili pengo lenyewe. Tena doa la mwanga aghalabu lina upana wa makumi ya mikromita au zaidi, ilhali hali za ukingoni, zinazopitisha umeme huo, zina upana wa nanomita chache: zinamezwa. Zitafute kwa hadubini ya ncha, STM, kisha pima upitishaji wa umeme: e²/h (e ni chaji ya elektroni, h ni thabiti ya Planck) kwa kila ukingo, kama ilivyoripotiwa mwaka 2018 hadi kelvini 100.