Maandamano hayaombewi kibali

Wiki hii tena kijana wa Kisauni, Mombasa, kanipigia simu: "Wakili, kituo cha polisi wametunyima kibali, basi maandamano hayapo." Walimpa gavana wao kura kwa matumaini, sasa amewachosha na wanataka aondoke. Mabango tayari, njia ya kupita wamekubaliana, halafu yote yanakwama kwa kibali ambacho sheria haikitambui. Nimechoka kulisikia jambo hili, na linaniuma, kwa maana watu wananyamaza bila mtu yeyote kuwa na mamlaka ya kuwanyamazisha.

Leseni ya mikutano iliondolewa 1997. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi aende kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma kinataka mkuu wa kituo cha polisi ajulishwe tu: si chini ya siku 3 kabla, si zaidi ya 14. Taja jina lako kamili, mahali unapopatikana, tarehe, njia mtakayopita, na saa, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Sasa tazama barua ninazoletewa. Mstari wa kwanza: "Tunaomba kwa unyenyekevu utukubalie..." Jamani! Mkishaomba, mmemkaribisha afisa akatae, naye anaandika pembeni "imekataliwa" bila sababu hata moja. Andikeni "tunakujulisha". Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Sababu ambayo kifungu hicho cha 5 kinampa afisa ya kuwaambia haiwezekani ni moja: kuna wengine walimjulisha mapema kuhusu siku, saa na mahali hapo hapo. Hata hivyo lazima awaandikie, nanyi mnaweza kuchagua siku nyingine. Akisema wapo wengine, ombeni kuona rejista ya taarifa. Ni ya umma, si siri ya kituo.

Kuhusu kumng'oa gavana kwa kukusanya sahihi mtaani, hiyo njia haipo. Hoja huletwa na theluthi moja ya wawakilishi wa wadi, ipite kwa theluthi mbili, kisha iende Seneti. Kwa hivyo mbaneni mwakilishi wenu wa wadi.

Lipo jambo ambalo mimi mwenyewe sina jibu lake. Sheria inataka mwandalizi awepo mwanzo hadi mwisho na awasaidie polisi kulinda amani. Juni 2024, vijana walipojaa Moi Avenue kuupinga Mswada wa Fedha, mwandalizi alikuwa nani? Waliitana kwa simu, hawakuwa na mwenyekiti wala ofisi. Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26 mwezi huo, kwa hiyo siwezi kusema njia yao haikufaa. Lakini wakili akiulizwa kortini taarifa iko wapi, atashika nini mkononi? Na anayetia jina lake kwenye barua ndiye ambaye polisi wanajua anakoishi. Mama mmoja wa Likoni alikataa kutia jina lake kwa sababu hiyo hiyo, na sikuona haki ya kumlazimisha.

Yule kijana nimemwambia aiandike upya barua leo, bila neno "tunaomba", na asiende kituoni peke yake.