Spika ya midibesi: kazi yake, na namna ya kuichagua kwa boksi la kujitengenezea

Midibesi ni spika inayobeba masafa yaliyo kati ya besi ya chini kabisa na midi. Katika mfumo wa njia tatu au nne (sauti ikigawiwa aina tatu au nne za spika) hayo ni takribani Hz 80 hadi Hz 500, yaani mitetemo 80 hadi 500 kwa sekunde. Kwenye boksi la njia mbili spika hiyohiyo hulazimika kupanda hadi Hz 2,000 au zaidi ili ikutane na twita, spika ya sauti za juu. Spika ya inchi 6.5 yaweza kuwa midibesi, na ya inchi 12 vilevile. Kinachoamua ni masafa unayoipa.

Mwili wa muziki uko humu. Noti ya chini kabisa ya gita la besi la nyuzi nne iko Hz 41, nayo ni kazi ya wufa (spika ya besi ya chini), lakini mlio wake wa pili uko Hz 82 na wa tatu Hz 123. Milio hiyo ndiyo inayokuwezesha kufuata vidole vya mpigaji. Boksi lenye wufa kubwa na twita kali bila midibesi ya maana hutikisa madirisha, huku gita lenyewe likisikika kama mngurumo mmoja.

Usianze na wati. Wati zilizoandikwa kwenye sumaku zinaeleza joto ambalo koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inavumilia, na koni, sehemu inayotetemeka, huishiwa nafasi ya kwenda mbele na nyuma mapema zaidi. Nafasi hiyo huandikwa Xmax. Kwa ukubwa uleule wa sauti, ukishusha masafa kwa nusu, koni hulazimika kusogea mara nne zaidi. Midibesi ya inchi 6.5 yenye Xmax ya milimita 4 inafanya kazi kwa raha ikiondolewa masafa ya chini ya Hz 120. Ukiiachia hadi Hz 60 itakoroma mapema.

Mpaka wa juu unatokana na upana wa koni. Urefu wa wimbi unapolingana na kipenyo cha koni, sauti inakuwa imeshajibana mbele na wanaokaa pembeni wanaikosa. Sauti husafiri kama mita 344 kwa sekunde. Koni ya inchi 6.5 ina kipenyo cha kazi cha kama sm 13, hivyo mpaka wake ni karibu Hz 2,650. Ya inchi 8 ni kama Hz 2,000, na ya inchi 12 kama Hz 1,300. Weka mpaka wake wa juu chini ya hapo.

Sasa soma karatasi ya vipimo: Fs (masafa ya mlio wa asili wa spika), Qts (jinsi mlio huo unavyodhibitiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni). Tuseme Fs ni Hz 60, Qts 0.35, Vas lita 20, na unataka boksi lililozibwa lenye Qtc (Q ya spika ikiwa ndani ya boksi) ya 0.707. Gawanya 0.707 kwa 0.35, upate 2.02, kipeo chake cha pili ni 4.08; toa 1, ibaki 3.08. Lita 20 gawanya kwa 3.08 ni lita 6.5. Boksi la sm 18 kwa 24 kwa 16 kwa ndani lina lita 6.9, na ziada hiyo inaliwa na sumaku na fremu. Mlio wa boksi utakuwa 60 × 2.02, yaani Hz 121. Matokeo haya ni mazuri sana: chini ya hapo boksi lenyewe linakata desibeli 12 kwa oktavu (kila masafa yanaposhuka kwa nusu), ukiongeza krosova (kichujio cha kugawa masafa) ya amplifaya ya desibeli 12 aina ya Butterworth kwenye Hz 121 unapata ya aina ya Linkwitz-Riley, yenye desibeli 24. Wufa nayo ipe Linkwitz-Riley ya desibeli 24 hapohapo, ila ya kukata masafa ya juu.

Spika isiyo na vipimo hivi, iache dukani, labda uwe na uwezo wa kuipima mwenyewe.

Linganisha pia desibeli kwa wati 1, mita 1, yaani ukubwa wa sauti spika ikipewa wati 1 na kupimwa mita 1 mbele yake. Midibesi ya nyumbani hutoa kama 87, ya ukumbini kama 97. Tofauti hiyo ya 10 ni nguvu mara kumi: kazi ya wati 10 inageuka wati 100. Twita inaweza kupunguzwa kwa rezista, ila midibesi dhaifu haiongezeki.

Usiiweke midibesi chumba kimoja cha boksi na wufa. Shinikizo la wufa litaisukuma koni yake kutoka nyuma. Itenge kwa ubao na uzibe kila upenyo kwa silikoni, pamoja na tundu la waya. Kukata masafa ya chini kwa kapasita hakupendezi: omu 8 kwenye Hz 100 huhitaji mikrofaradi 200, na bado hesabu inaharibika kwa sababu omu za spika hupanda sana karibu na mlio wa boksi. Amplifaya ya peke yake ni bora.

Mwisho pima chanya na hasi za spika. Gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Koni isogee mbele. Kisha cheza toni ya Hz 121 kwa wufa na midibesi pamoja, ugeuze waya za midibesi: sauti ikizama sana, mpangilio wa awali ndio sahihi. Ikipanda, ziache zilivyogeuzwa.