Mshipa wa fahamu hauzibuliwi

Kipaza sauti cha muuza dawa kimepita tena hapa Ngamiani: "Zibua mishipa ya fahamu, mwanao aongoze darasani!" Mama jirani alikuwa ameshafungua pochi.

Mshipa wa fahamu, au neva, ni uzi unaopeleka habari kati ya ubongo, uti wa mgongo na viungo vya mwili. Maana yake ndiyo hiyo.

Shida ni neno mshipa, tulilolibebesha mengi. Njia ya damu ni mshipa, ngiri ni mshipa, na asiye na haya tunasema mshipa wa aibu umemkatika. Basi mtu akisikia "mshipa wa fahamu" huwaza bomba, na bomba huziba. Lakini jina lenyewe linakataa. Neva tumelipata kwa Kiingereza, nacho kikalichota Kilatini, nervus, yaani kano, hata upote wa upinde. Fahamu ni Kiarabu, kuelewa. Yaunganishe: kamba ya kuelewa. Tundu liko wapi? Ni kweli tabibu Galen wa zamani aliamini kuna pumzi inayopita ndani ya neva, na watu wakamfuata karne nyingi. Mwaka 1791 Galvani, mtaalamu wa Italia, alichapisha majaribio yake ya kuichezesha miguu ya vyura kwa umeme, na habari ya umeme ikaanza kushika nafasi ya ile ya pumzi.

Neva iliyovikwa ala ya mafuta, mayelini, hupitisha umeme huo kwa kasi inayoweza kufika mita 120 kwa sekunde. Isiyovikwa, kama mita 1 tu. Ala hiyo hujengwa tangu utotoni hadi utu uzima, na kurudiarudia zoezi huisaidia. Usingizi nao hukaza yaliyosomwa mchana. Mtoto aliyezirudia hesabu zake, akala, akalala mapema, ubongo wake umepata unachohitaji ili ufanye kazi kwa nguvu zake zote.

Kinachoziba ni mshipa wa damu. Ukiziba kichwani ni kiharusi: mdomo unakwenda upande, mkono unalegea, maneno hayatoki. Hapo ni hospitali saa ile ile, na kila dakika inayopotea kwa kusubiri chupa ya dawa ifanye kazi inaua sehemu ya ubongo. Ndiyo maana neno hili linanikera.

Kwa hiyo, mama jirani, neva hubanwa, huumia, hukatika. Ukifa ganzi mguu baada ya kukaa mkekani, sema neva imebanwa.